Mashine Kuukuu, Umeme Usiotulia

Mtu akisikia kuna mashine kuukuu ya kukuzia picha inauzwa, swali la kwanza huwa ni umri wake. Ni swali la haki, lakini kwa mnunuzi wa Kivu, mashariki mwa Kongo, halifiki mbali. Mashine iliyoundwa miaka ya 1960 inaweza kusafisha picha leo vilevile kama siku ilipotoka kiwandani, na nyingine iliyotunzwa ndani ya boksi lake miaka yote ikakuharibia pakiti nzima ya karatasi. Mara nyingi tofauti iko kwenye umeme unaoiwasha. Hoja yangu ni kwamba anayeandaa chumba cha giza Goma, Sake au Shasha, kwenye barabara ya kwenda Minova, aweke fedha zake kwanza kwenye umeme uliotulia, kisha kwenye lenzi, na mashine yenyewe iwe ya tatu.

Mashine inaweza kuwa ya tatu kwa sababu umbo lake ni rahisi sana kueleweka. Kichwani mna balbu. Chini yake vioo viwili vinene vya kukusanya mwanga. Kisha fremu inayoshika negativu, mfuko wa kukunja usiopitisha mwanga, na lenzi. Vyote hupanda na kushuka kwenye nguzo iliyofungwa juu ya ubao. Hamna programu ya kupitwa na wakati. Skrubu hupatikana sokoni, fremu ya negativu fundi huichonga kwa bati, mfuko uliotoboka huzibwa kwa kitambaa cheusi na gundi. Durst ya Italia, Meopta ya iliyokuwa Chekoslovakia, Krokus ya Polandi na Leitz ya Ujerumani zilitengenezwa ili zitumike kwa miaka mingi. Kazi ya chumba cha giza imewahi kulisha nyumba nyingi katika ukanda huu: Zanzibar, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza; nako Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akiunganisha picha mbili au zaidi kuwa moja zamani sana kabla kompyuta haijawafikia wapiga picha wa pwani.

Shida huanza balbu inapowashwa. Volti zikishuka, mwanga wa balbu ya waya haushuki kwa kiasi kilekile. Unaporomoka kwa kasi zaidi. Kanuni ya mafundi wa taa ni kwamba mwanga hufuata volti zilizopandishwa kwa kipeo cha takriban 3.4. Maana yake chumbani ni hii: umeme wa volti 220 ukishuka hadi 198, yaani asilimia 10 tu, mwanga unaofika kwenye karatasi hupungua kwa karibu asilimia 30. Picha uliyoipimia sekunde 12 sasa inadai kama 17. Ukiipa zilezile 12 inatoka imepauka, nyuso zote rangi ya chokaa, nawe unailaumu dawa. Tena balbu iliyopungukiwa volti hubadilika rangi: inakuwa nyekundu zaidi, na mwanga wake wa buluu hupungua kuliko mwingine wote. Karatasi za kisasa kama Multigrade ya Ilford hutumia rangi hiyo kuamua weusi na weupe utofautiane kiasi gani. Buluu huongeza tofauti, kijani huipunguza. Kwa hiyo umeme ukilegea, picha hupauka na papo hapo hupoteza nguvu ya weusi wake. Kuongeza sekunde hakutoshi kuirudisha.

Wapo watakaosema hili ni tatizo la mtu wa mjini anayetegemea umeme wa shirika la taifa, SNEL, na kwamba mwenye betri na sola amekwisha kuliepuka. La hasha. Mashine nyingi zenye kichwa cha kukuzia picha za rangi hutumia balbu ya halojeni ya volti 12, na kishawishi cha kuiunganisha moja kwa moja na betri ni kikubwa. Lakini betri hiyohiyo asubuhi inaweza kuwa na volti 12.2, na mchana jua likiichaji ikafika 14.4. Kwa kanuni ileile, mwanga wa mchana utazidi wa asubuhi kwa zaidi ya asilimia 70, na balbu itaungua kabla ya wakati wake. Jenereta nayo huzama kila jirani anapowasha friji. Hata stabilaiza si jibu mpaka usome kibandiko chake: zile za bei nafuu zinazouzwa kwa ajili ya friji huruhusu volti kupanda au kushuka kwa asilimia 8 hivi. Friji haijali. Karatasi ya picha inajali sana, kwani asilimia 8 ya volti ni kama robo ya mwanga.

Ufumbuzi ninaouamini ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa mashine inatumia balbu ya kawaida ya kuzungusha, tafuta balbu ya LED yenye kibandiko cha volti 100 hadi 240. Nyingi za aina hiyo zina saketi ndani inayoshikilia mkondo mmoja, volti zipande au zishuke. Huu pia ndio wokovu wa aliyepata mashine ya Marekani iliyotengenezwa kwa volti 120: katika zile sahili hakuna cha umeme zaidi ya balbu, soketi, swichi na waya, na ukibadilisha balbu na kukagua waya umemaliza. Wataalamu wana pingamizi hapa, na ni la kweli. LED nyeupe ina kilele kikali cha buluu, kisha bonde, kisha kijani kwa wingi, hivyo vichujio vya rangi vya karatasi ya Multigrade havitatoa viwango vilevile vya tofauti vilivyoandikwa kwenye pakiti. Baadhi ya balbu huendelea kung'aa kidogo baada ya kuzimwa. Lakini kosa lisilobadilika hupimika. Ukijaribu kila kichujio mara moja kwa vipande vya karatasi na kuandika matokeo, una jedwali lako, nalo litakufaa hadi balbu itakapokufa. Kosa linalobadilika kila dakika halina jedwali.

Fedha zilizobaki zifuate lenzi. Hewa ya kando ya Ziwa Kivu hufuga ukungu, na ukungu hupenda lenzi iliyofungiwa boksini. Fungua tundu la lenzi lote, mulika kwa tochi kutoka nyuma, tazama kwa pembe: nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati ni dalili ya kutonunua, hata kama muuzaji anasema zitafutika. Lenzi ya milimita 50 ni ya filamu ya kawaida ya 35. Kwa negativu za mraba za sentimita 6 unahitaji 75 au 80. Nasisitiza mraba, kwa sababu studio nyingi za zamani zilipiga filamu ya 120 inayotoa negativu hizo, na mashine isiyopokea zaidi ya filamu ya 35 itakufungia nje ya hazina hiyo. Opemus 6 na Durst M605 hupokea zote mbili. Uzi wa milimita 39 ndio wa kawaida, basi EL-Nikkor, Componon au Rodagon iliyotoka kwenye mashine nyingine itaingia kwenye yako. Kisha washa mashine bila negativu na uangaze karatasi hadi ikitiwa dawani iwe kijivu cha kati. Pembe zikiwa nyeupe kuliko katikati, balbu haijakaa mahali pake au lenzi haifunikii ukubwa huo. Upande mmoja ukiwa mweusi kuliko mwingine, anza kwa kushuku kichwa kilichopinda. Jaribio hilo linatumia karatasi moja na linaeleza zaidi ya maneno yote ya muuzaji.

Pingamizi zito zaidi ni la skana. Kwa nini mtu ahangaike na dawa wakati negativu inaweza kuingizwa kwenye kompyuta? Kwa hifadhi kubwa, skana ndiyo sahihi. Kampala, mwaka 2015, shirika la utangazaji la UBC liligundua hifadhi ya negativu zipatazo 70,000, nyingi za enzi ya Idi Amin. Hakuna ambaye angezikuza moja moja, na skana ndiyo iliyozifikisha kwenye maonyesho ya Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Lakini familia haitafuti hifadhi, inatafuta sura ya baba ukutani. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Mwanzoni mwa 2024 vita vilifika Shasha na barabara ya Minova ikakatika. Anayekimbia hivyo habebi albamu, na simu yake ikiharibika picha zake zimekwenda nayo. Negativu iliyobaki kwa mpiga picha wa mji mwingine humrudishia sura ile, na picha ya karatasi yenye madini ya fedha, iliyokazwa na kusuuzwa vizuri, hudumu vizazi bila kudai betri ili itazamwe.

Gharama siifichi. Kodak iliacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe mwaka 2005. Ilford ya Uingereza na Foma ya Ucheki bado zinatengeneza, ila karatasi zao huku kwetu ni za kuagiza. Hili haliipingi hoja yangu, linaitia nguvu: kadiri karatasi inavyokuwa ghali, ndivyo umeme unaoyumba unavyokula fedha. Dawa ya kukazia nayo, ikishatumika, ina madini ya fedha yaliyoyeyuka na haifai kumwagwa ziwani, mahali watu wanapochota maji ya kunywa. Iache kwenye ndoo ya plastiki pamoja na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Chuma hubadilishana nafasi na fedha, na fedha hutuama chini. Tope hilo usilitupe, lina mnunuzi.

Basi ukiwa na bajeti inayotosha Leitz peke yake, iache Leitz. Nunua Opemus iliyochubuka rangi, lenzi safi ya 80, na balbu isiyoyumba, kisha zilizobaki zitie kwenye karatasi.