Redio ya Rubani Haimfai Nahodha

Kila mwenye mashua ya tanga anayepanga kuvuka Bahari ya Hindi huniuliza lilelile: je, akinunua redio ya mkononi ya marubani, akaita kwenye megahezi 121.5, masafa ya dharura ya ndege, ndege zinapopita, haitatosha? Haitoshi.

Kinachonichosha zaidi ni ile hadithi ya satelaiti. Watu bado wanaamini kuna satelaiti zinazosikiliza 121.5. Mfumo wa kimataifa wa satelaiti za uokoaji, Cospas-Sarsat, uliyaacha masafa hayo tarehe 1 Februari 2009, kwa sababu ishara za uongo zilikuwa zimezidi. Hata kabla ya hapo, satelaiti zake zilikuwa zikitafuta mlio wa kifaa cha dharura. Sauti yako ya kuomba msaada haikuwamo. Leo zinapokea megahezi 406. Ni kweli EPIRB nyingi, yaani vifaa vya dharura vya baharini, bado hulia kwenye 121.5, lakini mlio huo ni wa kumwongoza mwokoaji aliyekwisha kukaribia.

Kuna na wanaodai kwamba redio ya ndege "inafika mbali". Kilicho mbali ni upeo wa rubani! Mawimbi haya husafiri moja kwa moja, na ndege iliyo kilometa kumi angani huonana na bahari hadi kilometa 400 hivi. Zitie redio hizohizo kwenye mashua mbili, hamtasikizana zaidi ya kilometa chache. Rubani mwenyewe anakwenda kilometa 900 kwa saa. Akikusikia, atapeleka habari tu. Meli ya mizigo iliyo maili tano kutoka kwako, ambayo ndiyo ingegeuza ikuokote, haisikii neno. Yenyewe imetega sikio chaneli 16, megahezi 156.8, kwa FM, na redio yako inatuma kwa AM.

Sheria haimkatazi aliye hatarini kutumia chombo chochote, na meli za abiria hubeba redio ya 121.5 ili zizungumze na ndege za uokoaji. Sawa, lakini hayo hayaifanyi kuwa tegemeo lako.

Sasa nunua hivi: EPIRB ya 406, uisajili, utazame tarehe ya betri. Redio ya baharini ya wati 25 yenye DSC (mwito teule wa kidijitali), iunganishwe na GPS, antena juu ya mlingoti. Nyingine ya mkononi isiyoingia maji. Ukienda mbali na pwani, simu ya satelaiti yenye namba ya kituo cha uokoaji cha Mombasa. Pesa zikibaki, nunua na hiyo ya marubani. Zisipobaki, safiri bila hiyo.