Usiuze BSA kwa Kilo

Ukitoka Thika kuelekea Garissa, ukishaipita Matuu na kabla hujafika Mwingi, utakuta soko la Kithyoko. Karakana yangu iko nyuma ya soko hilo. Mchana natengeneza Boxer na TVS za vijana wa boda boda, maana hizo ndizo zinazolisha nyumba. Jioni, na Jumapili baada ya ibada, nafunua turubai na kurudi kwa pikipiki za zamani za Ulaya: BSA za Waingereza, Vespa na Lambretta za Waitaliano. Wengi huniuliza zina faida gani. Jibu langu ni kwamba mashine hizi zilitengenezwa ili mwenyewe azifungue, azielewe, kisha azifunge tena. Ukizijua, umejua pikipiki zote zilizozifuata. Na huku kwetu zinapotea kila mwaka kwa sababu wenye nazo hawajui walicho nacho.

Kithyoko si mahali pabaya pa kazi hii. Chuma huliwa na maji na chumvi. Kule Zanzibar, ambako Vespa bado zinapita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, fundi hushindana na hewa ya bahari. Kwetu mvua ni haba na hewa ni kavu, kwa hiyo pikipiki iliyosahauliwa ghalani mara nyingi huwa na kutu ya juu juu tu. Kinachokufa ni mpira, waya na kiti. Jua hukausha matairi mpaka yapasuke, panya hula sponji, na nyigu hujenga udongo ndani ya ekzosi. Hayo yote yanarekebishika.

Adui mkubwa ni mizani ya vyuma chakavu. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa sababu nyaya na nguzo za umeme zilikuwa zinaibwa, na miezi michache baadaye ikaruhusiwa tena. Mnunuzi wa chuma chakavu hapimi umri wala jina, anapima uzito. BSA ni nzito, na familia yenye shida ya karo huona bora iende.

Tuanze na hiyo BSA. Herufi hizo ni za Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa na mafundi wa bunduki mwaka 1861, na ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilitengeneza zaidi ya pikipiki 126,000 za aina ya M20 kwa ajili ya jeshi. Injini yake ina silinda moja ya sisi 496. Haina mbio, lakini ina nguvu kwa mwendo wa chini na uvumilivu mwingi. Vita vilipokwisha, nyingi ziliuzwa kwa raia. Ukikuta namba inayoanza na WM20 imegongwa kwenye injini, unatazama mashine ya wakati wa vita.

Ndugu yake mdogo ni BSA Bantam ya mwaka 1948. Mchoro wake ulitoka kwa DKW RT 125 ya Wajerumani, ambao Waingereza waliuchukua kama fidia ya vita. Mchoro huohuo ulizaa pikipiki Urusi na Marekani, na mwaka 1955 Yamaha wakautumia kuunda pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1. Kijana anayepita hapa na Yamaha ana ukoo na Bantam hata kama hajawahi kuiona.

Vespa ina historia yake. Kiwanda cha Piaggio kilichokuwa Pontedera kilitengeneza ndege, kikapigwa mabomu vitani. Mwaka 1946 mhandisi wa ndege, Corradino D'Ascanio, akabuni chombo kisicho na cheni wala fremu ya mabomba. Bati la mwili ndilo linalobeba kila kitu, injini iko kando ya gurudumu la nyuma, na gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu kama la ndege. Kwa hiyo unaponunua Vespa, usiangalie rangi. Inua mkeka, chukua bisibisi, bonyeza sakafu kutoka chini. Bisibisi ikipenya, uti wa mgongo wa chombo umeoza na kazi kubwa ya kuchomelea inakungoja. Lambretta ya Innocenti wa Milano, iliyotoka mwaka 1947, ina bomba la chuma ndani, kwa hiyo mabati yake yanabadilishwa bila kugusa mifupa. Zote mbili ziliundwa pia India kwa leseni, na mpaka leo spea nyingi hutoka huko. Mimi huanzia Kirinyaga Road, Nairobi, nikiwa na kipuri cha zamani mkononi, maana picha ya simu haipimiki.

Sasa spana. Hapa ndipo BSA nyingi huharibiwa. Nati za Boxer hufunguliwa kwa spana za milimita. Nati za Mwingereza wa zamani hufuata kipimo cha Whitworth, kilichopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, na namba iliyoandikwa kwenye spana yake inahusu unene wa bolti, si upana wa kichwa cha nati. Spana ya Whitworth ya robo inchi ina mdomo wa milimita 13.3. Spana yako ya 13 haiingii, ya 14 inaingia na kucheza. Ukilazimisha na hiyo ya 14, pembe sita za nati zinakuwa duara, na baada ya hapo kinachofuata ni patasi na nyundo. Nati ikigoma, naipasha moto kidogo, naitilia oili laini, naiacha ilale. Asubuhi naijaribu kwa spana yake halisi, nikiikaza kwanza kidogo kabla ya kuilegeza. Nati iliyokaa miaka mingi hukubali polepole, kwa mlio mkavu unaousikia mpaka kwenye kiwiko.

Pistoni iliyoganda nayo haigongwi. Namimina dizeli iliyochanganywa na oili kupitia tundu la plagi, nangoja siku kadhaa, kisha naichezesha kwa kuzungusha gurudumu la nyuma likiwa kwenye gia. Kwa Vespa kuna jambo jingine la kujua: oili huchanganywa ndani ya petroli. Zile za miaka ya 1950 zilitaka sehemu 1 ya oili kwa takriban 20 za petroli, na zile za baadaye 1 kwa 50. Anayeijaza petroli tupu anaiua injini njiani.

Vijana huniuliza, "Mzee, hii utaipaka rangi lini?" Huwajibu kwamba rangi ya kiwandani hupakwa mara moja tu. Ikiwa bado imeshika, naiosha kwa sabuni laini na kuipaka nta. Napaka upya pale tu ambapo chuma kimebaki uchi. Breki, matairi na nyaya za umeme sibahatishi, navibadilisha, maana hapo ni uhai wa mtu. Mkwaruzo kwenye tangi nauacha, kwa sababu unaeleza safari ambazo hakuna karatasi iliyoziandika.

Kuiwasha M20 kuna utaratibu wake. Fungua petroli. Bonyeza kidude kidogo cha juu ya kabureta mpaka vidole vilowe. Vuta nyuma wenzo wa cheche kwenye usukani, maana cheche ikiwahi, kiki itarudi kwa nguvu na kuumiza mguu. Shika wenzo wa kufungua vali, sogeza kiki taratibu mpaka pistoni ipite kilele, achia, kisha kanyaga kwa uzito wako wote. Haihitaji betri, kwani magneti inatengeneza cheche yenyewe. Ikikubali, inapiga polepole na kwa uzito, na wauza nyanya wa barabarani hugeuka kutazama.

Kwa anayetaka kuona kazi iliyokamilika, kuna Concours d'Elegance ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1970, ambako magari na pikipiki hukaguliwa usafi na uhalisi mbele ya watazamaji. Lakini hazina haianzii huko. Inaanzia kwenye ghala la marehemu babu, chini ya magunia. Kama unayo, fanya mambo manne kabla mtu wa mizani hajaitwa. Ipige picha ilivyo. Nakili namba ya injini na ya fremu. Tafuta kitabu cha umiliki, kwa sababu bila karatasi hata fundi bora hawezi kuirudisha barabarani kihalali. Kisha usiivunje: kabureta, taa na nembo vikiuzwa kimoja kimoja havikutani tena. Ukikosa nafasi ya kuitunza, mpe anayeweza, hata kwa mkopo au kwa kugawana umiliki. Thamani ya chuma chake inalipa karo ya wiki chache. Pikipiki yenyewe ikitembea, inaweza kumfundisha mtoto wako kazi ya maisha.