Je, Wajua? Ndizi Iliyoiva Kupita Kiasi Huwavuta Vipepeo Wasioonekana Mauani

Je, wajua kwamba kipepeo huonja kwa miguu? Akitua juu ya tunda lililopasuka, vinyweleo vya miguuni ndivyo vinavyomjulisha kama pana sukari. Hapo ndipo anapokunjua mrija wake, uliojiviringa chini ya kichwa mfano wa ukili, akaanza kunywa. Miaka ya 1920 mtafiti Mmarekani, Dwight Minnich, aliwapima vipepeo wenye njaa kwa maji ya sukari aliyoyazimua tena na tena. Alikuta miguu yao inatambua utamu hafifu zaidi ya mara 200 kuliko ule wa mwisho ambao ulimi wa binadamu unaweza kuuhisi.

Mrija wenyewe una kisa. Kipepeo anapotoka kwenye pupa, mrija huwa vipande viwili vilivyoachana, na humbidi aviunganishe mwenyewe kwa kuvikunja na kuvikunjua mpaka vishikane. Kazi hiyo hufanyika mapema, mrija ukiwa bado laini. Kipepeo hana meno ya kutafunia, kwa hiyo chakula chake chote ni cha kunywa.

Tukitaka vipepeo bustanini, wengi wetu hukimbilia kupanda maua. Si vibaya: zinia huwavuta sana, na pentasi, ambayo asili yake ni Afrika hii hii, huwavuta pia. Lakini wako vipepeo wakubwa, wenye nguvu na rangi za kustaajabisha, ambao unaweza kupanda maua mwaka mzima usiwaone wakitua. Wataalamu huwaita Charaxes. Hao hupenda utomvu unaochacha kwenye jeraha la mti, matunda yaliyoanguka yakaoza, na hata kinyesi cha wanyama. Kipepeo anayetua kwenye samadi hajapotea njia. Amefuata chumvi na virutubisho ambavyo ua halina.

Wanaoijua tabia hiyo vizuri ni wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, huko Kilifi. Tangu 1993, kupitia mradi wa Kipepeo wenye makao yake Gede, wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa zinazosafirishwa hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Ili kupata vipepeo wa mbegu, hutundika mtego wa chandarua wenye umbo la pipa, na chini yake sahani ya ndizi zilizochacha. Kipepeo huingia kwa chini, hunywa akashiba, kisha huruka kwenda juu kwenye mwanga. Njia aliyoingilia iko chini, naye haitafuti huko. Majike hutaga mayai, viwavi hulishwa majani, na pupa huwahishwa sokoni kabla vipepeo hawajatoka. Msitu ukikatwa, mbegu hiyo hukosekana, na kwa hiyo mkulima ana sababu ya mfukoni ya kuulinda.

Nyumbani huhitaji mtego. Chukua ndizi tatu au nne ambazo maganda yake yameshakuwa meusi, zile ambazo ungezitupa. Ziponde pamoja na kipande cha sukari guru na maji kidogo, uweke kwenye bakuli na kulifunika kwa kitambaa chepesi. Usilibane kwa kifuniko, maana mchanganyiko huo hutoa hewa unapochacha. Baada ya siku mbili au tatu utasikia harufu kali, tamu yenye uchungu ndani yake. Hapo chakula ni tayari. Embe lililopasuka au papai lililolainika nalo linafaa.

Kitandike kwenye sahani pana na uitundike kwa kamba kwenye tawi, kimo cha kifua au zaidi, mahali panapopata jua la asubuhi, kwa sababu kipepeo huhitaji kuota jua ndipo misuli yake ya kurukia ipate moto. Paka grisi kidogo kwenye kamba. Bila hiyo sisimizi watafika kabla ya mgeni uliyemwandalia. Badilisha chakula kila baada ya siku chache, na usikimwage karibu na mlango.

Si ugunduzi mpya. Karne ya 19 wakusanyaji wa nondo huko Uingereza walikuwa wakipaka mashina ya miti molasi iliyochanganywa na ramu jua likizama, kisha wanarudi usiku na taa. Ramu si lazima. Ndizi huchacha yenyewe.

Kwa wale vipepeo wapenda maua, chemsha kijiko kimoja cha sukari katika vijiko kumi vya maji, uache yapoe. Usiyaweke wazi kwenye bakuli, kwani wadudu watazama. Lowesha kipande cha sifongo au kitambaa safi ndani yake, wapate pa kusimama.

Na je, umewahi kuona kundi la vipepeo limetua kwenye tope la barabarani baada ya mvua, mabawa yakipepea polepole? Wengi wao ni madume. Wanafyonza chumvi iliyoyeyuka udongoni, na katika spishi kadhaa imeonekana kwamba dume humkabidhi jike sehemu ya chumvi hiyo wakati wa kupandana, nayo ikaingia kwenye mayai. Unaweza kuwaandalia pia: sahani ya mchanga uliolowa, na chembe chache za chumvi. Mimi sijui zawadi ya arusi iliyo nyepesi kuliko hiyo kuiandaa.

Lakini ndizi na sukari humleta kipepeo kwa saa moja tu. Kinachomfanya abaki ni jani, kwa kuwa jike hutafuta mti ambao wanawe wataula. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, tunayemwona mara nyingi uani, hutaga kwenye milimau, midimu na michungwa. Kiwavi wake akiwa mdogo hufanana kabisa na kinyesi cha ndege, hivyo ndege hampapatikii. Akikua hugeuka kijani, na ukimgusa huchomoza pembe yenye panda mbili, ya rangi ya chungwa, inayotoa harufu kali. Watu wengi humwona mara hiyo tu, wakashtuka, wakamwua.

Mche mdogo anaweza kuumaliza majani, na huo una haki ya kulindwa: mwondoe kwa mkono, umhamishie kwenye mti mkubwa. Mlimau uliokomaa hauathiriki sana na viwavi wachache. Ukimwona hapo, usimpulizie dawa. Mwache ale, baada ya wiki chache ataacha mwenyewe.