Jinsi ya Kunasa Historia ya Mji kwa Kamera

Wengi wameniuliza jinsi chama chetu cha Kiswahili kilivyotengeneza video ya historia ya Kisumu. Eti walidhani ni kubonyeza kamera tu, kazi kwisha! La hasha. Kamera huona ya leo pekee. Ya jana hutafutwa kwa macho katika vitabu na kwa masikio miguuni pa wazee.

Kwanza, tafuta swali moja. Historia ya mji ni bahari, nawe una dakika 20 tu. Sisi tulijiuliza: Kisumu ilianza lini? Swali hili laonekana rahisi, lakini lilituzungusha muhula mzima.

Pili, soma kabla ya kushika kamera. Vitabuni tulikuta kwamba reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na ziwani Desemba 1901. Kituo hicho kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence, mkewe mhandisi wa reli. Kumbe wakati huo pande hizi zilihesabiwa kuwa Uganda! Ziliingizwa katika nchi ambayo leo ni Kenya mwaka wa 1902. Kwa hesabu hiyo ya reli, Kisumu ilisherehekea miaka 100 mwaka wa 2001, ikapewa hadhi ya jiji.

Tatu, waendee wazee. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Bibi mmoja muuza samaki alituuliza kama gari la moshi lilikuta mahame. Tukanyamaza. Jina Kisumu lenyewe huhusishwa na neno la Dholuo "kisuma", yaani kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana vitu. Basi palikuwa na watu, na watu walikuwa na soko, kabla ya chuma cha kwanza kulazwa. Karatasi inaanza na reli; kinywa kinaanza na soko.

Siku ya kwanza usiende na kamera. Amkia, keti, eleza nia yako, omba ruhusa. Siku ya kurekodi, tafuta kivuli mbali na barabara, maana honi ya matatu humeza maneno yote. Maikrofoni iwe karibu na kifua cha msemaji, na jua liwe mgongoni pako wala si pake. Usiulize swali la ndiyo au la, uliza "Ilikuwaje?" kisha nyamaza. Mzee akipenda kusema Dholuo, mwache aseme. Tafsiri ya Kiswahili utaiandika chini ya picha.

Nne, piga picha za mahali. Ya 1901 hayapo, lakini reli ipo, gati lipo, na soko la Kibuye lipo. Shikilia kamera bila kutikisika huku ukihesabu hadi kumi. Ukipewa picha kuukuu, usiitaje mwaka wake kwa kubahatisha.

Tano, hariri. Andika maneno yote yaliyosemwa, kisha uyaweke kando ya yale ya vitabuni. Yakipingana, yasikike yote mawili. Usimkate mzee kwa sababu kitabu kimesema vingine, wala usipokee kila tarehe bila kuichunguza. Kabla ya kuonyesha shuleni, waonyeshe kwanza waliokupa maneno. Huenda wakasahihisha jambo.

Je, Kisumu ilianza lini? Video yetu inajibu hivi: kituo cha reli kilianza mwaka wa 1901, lakini watu wa Kisumu hawakuletwa na gari la moshi. Tungaliishia vitabuni, tungaliwafuta wenyeji katika historia yao.

Nawe mwenzangu, uwe watoka Voi, Nyeri au Garissa, likizo ijayo muulize babu au nyanya yako mji wenu ulianzaje. Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Basi aliyeona mengi na aulizwe mapema, angali nasi.