Wageni Walioomba Jembe

Katika mfululizo wa televisheni wa Star Trek: Deep Space Nine, hadithi iitwayo "Sanctuary", iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1993, haihesabiwi miongoni mwa zilizo bora. Hulaumiwa kwa mwendo wake wa polepole na mwisho wake wa majonzi. Lakini aijuaye Nakivale hana budi kuitazama upya.

Wakimbizi milioni 3 wa kabila la Skrreea, wakulima hodari, wanaomba eneo kame lisilolimwa katika sayari ya Bajor. Mwanzoni hata mashine ya kutafsiri haiwezi lugha yao. Wenyeji, wenye njaa wao wenyewe, wanawakatalia, na kijana mmoja anakufa katika mapambano na walinzi wa anga.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, jirani na Mbarara, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi na Wasomali, na Kiswahili huwaunganisha wengi wao. Humo mkimbizi hupewa kipande cha ardhi alime, ingawa vipande hivyo vimezidi kuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wabajor waliogopa kuongeza midomo, wakaikosa mikono ambayo ingewalisha. Majonzi hayo si kasoro ya hadithi. Ndiyo funzo lake.