Seli ziko sawa lakini kirusi kipo: tofauti ya kipimo cha Pap na kipimo cha HPV

Tuseme mama yako ana miaka 42. Amekwenda kupima saratani ya mlango wa kizazi na amerudi na majibu mawili. La kwanza linasema seli ziko kawaida. La pili linasema ana kirusi cha HPV. Anakupa karatasi, maana wewe ndiye msomi wa nyumbani, anakuuliza: "Sasa mwanangu, naumwa au siumwi?"

Usijibu haraka. Majibu hayo hayapingani, kwa sababu kila kipimo kimeuliza swali lake.

Kipimo cha Pap kina jina la George Papanicolaou, daktari Mgiriki aliyefanya kazi New York, ambaye kitabu chake pamoja na Herbert Traut kilitoka mwaka 1943. Mhudumu anakwangua kidogo mlango wa kizazi, seli zinapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, halafu mtu anakaa kwenye hadubini anazitazama moja moja. Anatafuta seli ambazo kiini kimevimba au umbo limeharibika. Yaani anauliza: je, uharibifu umeshaanza? Na anayejibu ni jicho la mtu. Kioo kimoja kina maelfu ya seli, mbaya zinaweza kuwa chache tu, au mkwaruzo haukuzigusa kabisa. Na macho huchoka.

Kipimo cha HPV hakijali sura ya seli. Mashine inatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walikikuta kirusi hiki, aina ya 16 na ya 18, ndani ya uvimbe wa saratani hii mwaka 1983 na 1984, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Aina hizo mbili peke yake zinasababisha kama asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Swali hapa ni: je, chanzo kipo?

Sasa tuangalie namba. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Canada ambapo wanawake zaidi ya 10,000, wa miaka 30 hadi 69, walipimwa kwa vipimo vyote viwili. Kati ya kila 100 waliokuwa na mabadiliko mabaya yanayotangulia saratani, kipimo cha HPV kiliwanasa karibu 95. Pap iliwanasa 55 hivi. Lakini kuna gharama: kati ya kila 100 ambao hawakuwa na mabadiliko hayo, Pap iliwashtua bure kama watatu, HPV kama sita.

Hao sita wanatoka wapi? HPV ni kirusi cha kawaida mno. Watu wengi wanaofanya ngono hukipata wakati fulani, na kwa kawaida mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ukimpima binti wa miaka 22 unaweza kukikuta, ukamtia hofu, na mwakani hakipo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo hiki kianze miaka 30, au 25 kwa mwanamke anayeishi na VVU, ambaye hatari yake ya saratani hii ni kama mara sita.

Utauliza: kama Pap inakosa wengi hivyo, mbona Finland ilipunguza sana saratani hii kwa kuitumia tangu miaka ya 1960? Jibu ni kurudia. Saratani hii huchukua miaka 15 hadi 20 kukua, hivyo kilichokosekana leo kitaonekana raundi ijayo. Sawa, ila hapo mwanamke lazima aitwe, arudi, na maabara iwe na watu wa kusoma vioo. Je, yule atakayepimwa mara moja tu maishani?

Swali hilo lilijibiwa wilayani Osmanabad, India. Wanawake zaidi ya 131,000 wa vijijini waligawanywa makundi manne: HPV, Pap, kupaka siki na kutazama kwa macho, na kundi la nne lililoendelea na huduma za kawaida. Walipimwa mara moja, wakafuatiliwa miaka minane. Kundi la nne lilikuwa na vifo 64 vya saratani hii, kundi la HPV 34. Pap walikuwa 54 na siki 56, tofauti ambayo kitakwimu inaweza kuwa bahati tu. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, hasa kwa Tanzania, ambako kliniki nyingi zinategemea siki. Siki ina uzuri wake: jibu na tiba vinapatikana siku ileile. Lakini HPV ina jambo jingine ambalo Pap haiwezi: mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, bila kupanda kitandani mbele ya mtu.

Turudi kwa mama. Hana jibu la saratani. Ana kirusi ambacho bado hakijaonekana kuharibu seli, na kwa Pap peke yake angeambiwa yuko salama. Muulize kama karatasi inataja aina. Ikiwa ni 16 au 18, miongozo mingi inataka atazamwe kwa kolposkopu, kifaa kinachokuza mlango wa kizazi, hata kama seli ziko kawaida. Ikiwa ni aina nyingine, kwa kawaida anapimwa tena baada ya mwaka mmoja au miwili. Na akianza kuuliza baba yako ametoka wapi na hicho kirusi, mwambie ukweli: kinaweza kukaa kimya miaka mingi, na hakuna kipimo kinachosema kiliingia lini wala kwa nani.