Nati Nazo Zina Mizani Yake

Hakuna katibu wa chama cha msingi katika nyanda hizi za Ufipa athubutuye kupokea mahindi ya mwanachama kwa kuyakadiria kwa macho. Gunia huwekwa juu ya mizani, uzito husomwa mbele ya mwenye mali, na stakabadhi huandikwa. Lumbesa tumeikataa kwa sababu hiyo hiyo. Hata hivyo, gari litakalobeba mahindi hayo hufungwa nati za magurudumu kwa kukadiria tu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua na kutumia spana ya kipimo, ambayo mafundi huiita spana ya toki.

Katika ukaguzi wa chama kimoja niliona kwamba bolti za magurudumu ya gari dogo la mizigo zilinunuliwa mara tatu katika msimu mmoja. Nikashuku udanganyifu, nikaomba nionyeshwe bolti zilizoondolewa. Zililetwa katika kopo, nazo zote zilikuwa zimekatika. Dereva alieleza bila kificho kwamba huchomeka bomba refu katika mpini wa wilispana, kisha husimama juu yake ili nati zisilegee mteremkoni. Hapakuwa na wizi. Palikuwa na nguvu isiyopimwa.

Yafaa ieleweke kwamba bolti hufanya kazi kama springi. Nati ikikazwa, bolti huvutika kidogo sana, na mvuto huo ndio unaobana ringi kwenye habu. Nati ikikazwa pungufu, ringi hucheza, nati hujifungua na gurudumu huchomoka. Ikikazwa kupita kiasi, bolti huvutika hadi isiweze kurudi katika hali yake, hudhoofika, na hukatika baadaye. Pengine ni katika mteremko wa kushukia Bonde la Ziwa Rukwa, gari likiwa na magunia na watu. Hivyo nati iliyokazwa mno haina usalama zaidi ya iliyolegea.

Nguvu hii ya kuzungusha hupimwa kwa nyutoni-mita. Mtu akikandamiza kwa uzito wa kilo 20 mwishoni mwa mpini wa sentimeta 50, hupata nyutoni-mita 98 hivi. Mtu wa kilo 70 akisimama mwishoni mwa bomba la mita 1, hupata karibu 690. Nati za magari mengi madogo huhitaji kati ya 80 na 140 tu, ingawa za malori makubwa huweza kupita 500. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari, wala kisibuniwe. Kitabu kikitaja futi-pauni, zidisha kwa 1.36 upate nyutoni-mita.

Ziko aina mbili zinazofaa kwa vyama vyetu. Ya kwanza ni ya mshale: mpini hupinda kidogo, na mshale huonyesha kipimo. Bei yake ni nafuu na haiharibiki upesi, lakini ni lazima isomwe kwa kuitazama wima. Ya pili ni ya mlio: hupangwa kwa kuzungusha mpini, na kipimo kikifikiwa hulia "tik". Hii ni rahisi kutumia mahali penye giza, lakini yataka uangalizi zaidi. Kwa gari dogo la mizigo, spana ya nyutoni-mita 40 hadi 200 yatosha. Usinunue kubwa mno kwa tamaa, kwani spana ya 500 haiwezi kupima sawasawa plagi inayohitaji 25.

Matumizi yake ni haya:

1. Safisha kutu na udongo katika meno ya bolti. Usitie oili wala grisi isipokuwa kitabu kimeagiza, kwa sababu utelezi hufanya kipimo kile kile kivute bolti zaidi.

2. Gari likiwa juu ya jeki, anza nati zote kwa mkono, kisha zibane kidogo kwa wilispana. Teremsha gari ndipo upime.

3. Kaza kwa msalaba, nati moja na ile inayoielekea, kwa awamu mbili.

4. Vuta polepole. Ikilia, acha. Kuendelea kuvuta ni kuzidisha.

5. Pima tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

6. Spana hii isitumiwe kamwe kufungulia nati. Ile ya mlio irudishwe kwenye alama ya chini kabisa baada ya kazi, na ihifadhiwe katika sanduku lake.

Kama mizani ya chama inavyohakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, spana ya mlio nayo hupoteza usahihi. Yafaa ipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya kuihakiki kila mwaka, au baada ya matumizi 5,000. Makatibu waiandike katika daftari la mali, na kila aiazimaye atie sahihi. Vyama viwili jirani vyaweza kushirikiana kununua moja, na wanachama wenye magari yao wakaitumia pia.

Chama nilichokitaja kilinunua spana ya mshale, na bomba lile likarudishwa kwenye kazi za maji. Katika ukaguzi uliofuata sikukuta tena bolti za magurudumu katika daftari la malipo.